Bibi Zélie Anyamaza Pangoni

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa walio hai na kwa mifupa iliyolala chini ya miamba yetu tangu kabla serikali hazijabuniwa, kwamba Jumanne ya pili ya Aprili, Bibi Zélie Vergnolle wa kijiji cha Peyrebrune, mjane wa miaka sabini na minne, mfugaji wa mabata bukini thelathini na wawili na mmiliki halali wa pango moja, alinyamaza kwa muda wa saa nzima na dakika kumi. Mashahidi wapo. Padri ameombwa atamke kama ni muujiza, naye amesema tumpe wiki afikirie.

Asiyemjua Bibi Zélie hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Siku ya harusi yake alizungumza mfululizo hata bwana harusi akakosa nafasi ya kuitikia, na wapo wanaosema ndoa ile haikuwahi kufungwa sawasawa. Huzungumza na mabata, na sufuria, na mto Vézère ukipanda bila ruhusa. Nyumba yake imeegemea jabali: kuta tatu za jikoni zilijengwa na babu wa mumewe, ya nne ilijengwa na Mungu, na inayovuja ni ya Mungu. Nyuma ya nyumba kuna mlango wa chuma, ndani ya mlango kuna pango, na mwisho wa pango kuna farasi.

Farasi huyo ndiye kesi yenyewe. Kwa miaka arobaini na minne Bibi Zélie amewaingiza wageni humo, sita kwa sita, na wote wametoka wakiapa wamemwona, shingo na masikio, kama alivyochongwa na watu wa kale waliokuwa hawana hata sufuria. Lakini wataalamu wawili waliowahi kupita waliingia peke yao, wakamwacha Bibi mlangoni kama mwavuli, wakatoka na neno moja: nyufa. Basi mwaka huu ikaja barua. Kamati itakuja kuamua kwa mara ya mwisho. Farasi akionekana, pango litaandikwa katika orodha ya mapango yanayolindwa, na Bibi ataendelea kuwa mlinzi wake mpaka siku yake ifike. Asipoonekana, mlango utazibwa kwa zege ili popo wapate utulivu.

Kisha kwa herufi nene: ili uamuzi usichafuliwe, mwenye pango asiielekeze kamati kwa neno wala kwa kidole, ndani wala nje ya pango, hadi mwenyekiti atakapofunga ukaguzi. Akikiuka, zege.

Bibi Zélie aliisoma barua hiyo mara tatu, kisha akawasomea mabata.

Shemeji yake, Fulbert, alicheka mpaka akashika mti. Fulbert ni mdogo wa marehemu mumewe, naye ana pango lake ng'ambo ya mto. Halina chochote ndani ila kibanda cha tiketi, na mlangoni pamesimama tembo wa kale wa plasta, mwenye manyoya ya kamba na mkonga uliopasuka.

"Wewe kunyamaza, shemeji?" alisema. "Vézère utapanda mlima kwanza."

"Nenda kampanguse tembo wako kamasi."

"Nitakuja siku hiyo. Nataka nikuone ukipasuka."

"Njoo. Na uvae chupi safi, watakuja watu waliosoma."

Siku ilipofika walikuja wawili. Mwenyekiti alikuwa Profesa Anselme Courtadon, mrefu, mkavu, ndani ya suruali mpya ya mlimani yenye mifuko tisa na nafasi ya nusu mtu tu. Pamoja naye alikuja Daktari Maëlle Kerdraon, binti wa pwani ya magharibi, mtaalamu wa michoro ya mawe, aliyeshuka garini moja kwa moja juu ya kinyesi cha bata, akapangusa kiatu majanini na kuendelea. Bibi Zélie alimpenda papo hapo.

Aliwapeleka kwanza kando ya mto, kwa kuwa barua haikutaja mto. Akawaonyesha Jabali la Pua, lenye matundu mawili yanayotiririsha maji kila masika. Akawaonyesha kibanda cha mwamba ambamo watu wa kale walikaa wakichoma nyama, na ambamo yeye na marehemu walijificha mvua wakachelewa kutoka. Alisema kwa wote wanne. Fulbert, aliyekuwa nyuma, alihesabu tu mara Bibi alizosita kuvuta pumzi.

Shida ilianza mezani. Palikuwa na supu ya kitunguu saumu iliyokaangwa kwa mafuta ya bata, na mkate, na divai nyekundu ya jirani. Profesa akafuta midomo, akauliza kwa sauti laini kama mwizi wa kuku:

"Na huko ndani, Bibi, hasa upande gani?"

Tuliona neno likipanda kooni mwa Bibi Zélie kama yai kwa kuku. Sasa, sisi huku supu ikibaki kidogo chini ya bakuli tunaimiminia divai, tunaizungusha, tunainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa hadi tone la mwisho. Tunaita shabroli. Ni adabu ya meza, na mtu anayefanya shabroli haulizwi kitu, kwa sababu uso wake umo ndani ya bakuli. Bibi Zélie akamimina. Akazama. Alipoibuka alikuwa na masharubu mekundu na hana neno.

"Ni kushoto, labda?" Profesa akarudia.

Bibi akajitilia supu nyingine, akamimina, akazama tena.

"Shemeji," Fulbert akanong'ona, "kwa mwendo huu utamwona farasi kabla hatujafika."

Kwa shabroli ya tatu Daktari Maëlle naye akamimina katika bakuli lake, akanywa, akakohoa, akaomba tena. Profesa akasema tumbo lake halichanganyi vitu. Basi wakainuka, na kimya chenyewe, kile kilichotangazwa hapo juu, kikaanza mlangoni pa pango.

Waliingia na taa kichwani, taa kali za kufukuza hata dhambi. Profesa alimulika ukuta wa mwisho kutoka juu, kutoka kulia, kutoka kushoto. Alisogea, akarudi nyuma. Akapima. Akanusa. Kila alipoelekeza taa ukuta uling'aa mweupe na bapa kama shuka. Saa nzima ikapita. Bibi Zélie alisimama pembeni, mikono ndani ya aproni ili vidole visimsaliti, midomo ameibana mpaka imekuwa ya bluu. Fulbert, aliyekuja kucheka, alimtazama, na kicheko kikamwishia. Miaka arobaini na minne ya mtu ilikuwa inatafutwa kwa tochi na mtu asiyejua ilipo.

"Nyufa," Profesa akasema hatimaye, akatoa kalamu. "Inasikitisha. Nyufa za kawaida."

"Tungojee kidogo, Profesa," alisema Maëlle.

"Tungojee nini, Daktari? Jiwe libadili mawazo?"

Hapo ndipo Bibi Zélie, bila neno na bila kidole, alipochuchumaa.

Tukumbuke maandishi. Barua ilikataza neno, ilikataza kidole. Kuhusu makalio, barua ilikuwa kimya. Bibi alichuchumaa pale chini kama mtu anayelisha vifaranga, magoti yakalia, akatulia, akautazama ukuta na kutabasamu kama mtu aliyepokelewa na mwenyeji.

Maëlle akamtazama. Akamtazama tena. Kisha, kwa ujasiri wa shabroli mbili, naye akachuchumaa kando yake, na taa ya kichwani ikashuka pamoja naye. Mwanga ukaukwangua ukuta kwa chini, ukaamsha kila mfereji. Uvimbe wa mwamba ukawa tumbo. Ufa ukawa mgongo. Shingo ikatoka, na masikio, na jicho, na farasi mnene mwenye mimba akasimama pale akipumua kila binti alipopumua.

"Mama yangu!" Maëlle akapiga kelele, popo wakaruka. "Profesa, chuchumaa! Chuchumaa haraka!"

"Daktari, magoti yangu..."

"Chuchumaa, mzee, usitutie aibu," Fulbert akasema, akamkandamiza mabega.

Profesa akashuka kwa awamu tatu. Kwenye awamu ya tatu suruali ya mifuko tisa ikalia *praaa* na kuongeza mfuko wa kumi. Hakuisikia. Alikuwa na mdomo wazi na machozi mawili, na aliposhindwa kujizuia akaangukia matako, akabaki amekaa hapo hapo akicheka kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Wakawa wote wanne chini, mstari mmoja mbele ya ukuta, na Fulbert, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akisema farasi huyo ni uongo wa mwanamke, alivua kofia.

"Shemeji," alisema, "ni mzuri kuliko tembo wangu."

Bibi Zélie alimpiga kofi la mgongoni. Barua haikukataza.

"Ukaguzi nimeufunga," Profesa akatangaza kutoka sakafuni. "Farasi yupo, na mlinzi wake anabaki. Sema, Bibi, sema utakalo!"

Lakini kabla Bibi hajapata nafasi, mwenyekiti alikuwa ameshatoa kinasa sauti, anazungumza ndani yake. Hapa, alisema, tumegundua mkao wa ibada. Mtu wa kale hakumkabili mnyama akiwa amesimama. Alijishusha. Aliusogeza mwili wake karibu na ardhi, akaiacha uchi fahari yake mbele ya uhai wenyewe, na ni mkao huo, uliosahauliwa kwa miaka elfu kumi na tano, ambao mwanamke mmoja wa bonde hili aliurithi kwa silika ya damu. Akamsogezea Bibi Zélie kinasa sauti karibu kabisa na mdomo.

"Bibi, kwa ajili ya kumbukumbu. Ile mara ya kwanza kabisa, ulipojishusha hapa peke yako na taa yako, ni nini kilichokuita?"

"Mkojo, Profesa."