Mbao za Bandari ya Kibakwe

Ukitaka kumwona Anyesi amenuna, mwambie kwamba anachofanya kwenye ile kompyuta yake ni mchezo wa watoto. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye steshenari yake mkabala na chuo pale Hombolo, anatoa nakala, anachapa barua, anapiga picha za paspoti, na kati ya mteja na mteja anaendesha merikebu. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona kwa macho yake ni bwawa la Hombolo. Lakini katika mchezo ule wa mtandaoni, wa meli za matanga na mizinga, alikuwa mfanyabiashara wa kujulikana, na kwa miezi kumi na minne hakuna haramia aliyekanyaga sitaha yake.

Na maharamia wa mule si mashine. Ni watu kabisa, wamekaa mahali na chai yao, kazi yao kuvizia jasho la wenzao. Anyesi aliwachukia kwa moyo wote. Wenzake waliponunua meli kubwa za mizinga mingi, yeye alinunua nyembamba isiyohitaji kina, apite juu ya miamba ambako manowari zingekwama. Alisafiri asubuhi, watu wa Marekani wakiwa wamelala. Hakupita njia moja mara mbili mfululizo. Akiona tanga asilolijua hakungoja kujua ni la nani. Aligeuza na kukimbia, na wala hakuona haya. Zaidi ya yote, hakuandika popote mule ndani kwamba anakwenda wapi. Wanaotangaza safari zao, alisema, wanajitakia.

Bandari aliyokuwa akiipelekea mizigo iliitwa Kibakwe. Jina hilo alilitoa mdogo wake, Ignas, kwa kuikumbuka milima ya nyumbani kwao, na bandari yenyewe aliijenga kwa mikono yake, kuanzia gati hadi ngome. Ignas alikuwa Bahi, kitandani. Bodaboda ilimtupa kwenye tuta la majaruba ya mpunga miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hakusimama tena. Waliokuja kumjulia hali walimtazama kwa macho ya msibani na kuzungumza na mkewe kana kwamba mwenyewe hayupo. Katika mchezo hakuna aliyejua. Mule alikuwa Mkuu wa Kibakwe, na watu arobaini wa chama chao, kutoka Tabora hadi Mombasa, walibishana naye, walimkejeli akikosea, na vita vikianza walimtii.

"Dada, usimwambie mtu," alimwomba Anyesi siku ya kwanza. "Hata mmoja. Mule ndani mimi natembea."

Anyesi aliapa kwa kaburi la baba yao.

Sasa bandari katika mchezo huo hula mbao. Ghala likikauka, bandari humtoka mwenyewe, na anayewahi ndiye anayeichukua. Mwezi huo Ignas alilazwa wiki mbili kwa vidonda vya mgongoni, akarudi na kukuta ghala litakauka Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Anyesi alimshauri awaombe wenzake mbao. Alikataa katakata, kwa sababu wangemuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Ikabaki meli moja ya Anyesi, shehena moja, safari moja.

Jumamosi hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, shehena ikiwa tayari imepakiwa, aliingia Edward kuchapa mitihani. Edward ni mkufunzi pale chuoni, Mnyamwezi wa Tabora, na Anyesi ni Mgogo, kwa hiyo wawili hao ni watani. Utani wenyewe ni wa mababu: misafara ya Wanyamwezi ilipokatiza Ugogo na mizigo yake, watemi wa Kigogo waliitoza hongo ndipo waiache ichote maji na kupita. Baba yake Anyesi alipofariki, Edward aliruka ndani ya kaburi, akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Anyesi alimpenda kwa siku ile. Yeye Anyesi ndiye aliyemfundisha Edward mchezo wenyewe, mwezi Juni, hapo hapo kaunta.

"Mtani, hujafa tu?" alimpokea.

"Nikifa mimi, nani atawafundisha ninyi kula kitu kingine zaidi ya mlenda?" Edward akachungulia kioo cha kompyuta. "Naona umepakia. Safari ya wapi leo?"

Hapo ndipo alipoharibu. Kwao Kibakwe, ile ya milimani, mtu akishakusalimia uso kwa uso na kukuuliza safari, unamwambia. Anayeficha njia yake mbele ya mtu aliyemsalimia anaonekana ana lake jambo. Mdomo wa Anyesi ulikuwa umefungwa ndani ya mchezo. Pale kaunta, mbele ya mtani, ulifunguka wenyewe.

"Nawapelekea Kibakwe mbao. Nitakatiza Mlango wa Mawe, saa sita nitakuwa pale."

"Haya, upepo mwema," alisema Edward. Akachukua karatasi zake, akaenda.

Saa sita kasoro dakika tano walimtokea. Walikuwa watatu, nyuma ya kisiwa, upepo ukiwa mgongoni mwao, na walikuja na meli ndogo, za kupita juu ya miamba kama yake. Mtu asiyejua anamvizia nani haji na meli ndogo kwenye Mlango wa Mawe. Anyesi alikata upande wa miamba, akamkuta mmoja anamsubiri. Aligeuza arudi alikotoka, wa pili akaziba. Mteja aliyekuwa akingoja picha aliambiwa atoke nje, tena kwa sauti ambayo Anyesi hakuwahi kuitumia kwa mteja. Risasi ya tatu ya mzinga iliangusha mlingoti wake mkuu, maharamia wakapanda, na mbao zote zikahama mbele ya macho yake. Kisha mkubwa wao akaandika kwa herufi kubwa: HONGO! LEO MGOGO ANALIPA.

Duniani kote, kati ya maelfu ya watu wa mchezo ule, nani angeandika maneno hayo?

Edward alirudi saa saba na soda mbili mkononi, anacheka tangu barabarani. Debora, anayekaanga chipsi duka la jirani, alikuwa ndani akisubiri nakala za kitambulisho.

"Babu zangu leo wamelala usingizi mzuri!" Edward alisema. "Mtani, kunywa soda, upoze koo."

"Rudisha mbao zangu."

"Aa, mtani, mbona umevimba? Si utani tu?"

"Usiuchafue utani!" Anyesi alisimama, kiti kikaanguka. "Mtani huja na uso wake. Anamkamata kuku wangu nikiona, namfukuza, tunacheka, namkomboa yanaisha. Wewe umenisalimia asubuhi, umeniuliza safari yangu nikakwambia kwa sababu ni wewe, halafu umejificha kwenye bendera ya watu na kuniletea wageni wawili nisiowajua. Huo ni wizi. Ni wizi, Edward! Mbao ziko wapi?"

Kicheko cha Edward kilianza kupungua. "Tulishagawana. Wenzangu wameuza zao. Lakini kesho nitakutafutia nyingine, haki ya Mungu."

"Kesho! Mwisho ni leo saa kumi na mbili!"

Debora naye, bila ubaya wowote, akaingilia. "Jamani, dada Anyesi, hasira zote hizi kwa mbao za kwenye kioo?"

Laiti angenyamaza. Anyesi alikuwa na hasira ya Edward, hasira ya mdomo wake mwenyewe, na hasira ya miaka mitatu ya kuangalia watu wanavyomwangalia Ignas, na zote zilitoka kwa mlango mmoja.

"Mkuu wa Kibakwe ni mdogo wangu!" alipiga kelele. "Yuko Bahi, hatembei! Mnanisikia? Miguu imekufa, anageuzwa kitandani na mkewe, ana vidonda mgongoni unaweza kuingiza ngumi! Hiyo bandari ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho, na wewe umeichukua ili uwachekeshe babu zako! Toka! Toka dukani kwangu!"

Edward aliweka soda juu ya kaunta taratibu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akatoka akiwa tayari ameshika simu yake. Debora naye alitoka, akazisahau nakala zake.

Anyesi alikaa chini, bado anahema. Meli mpya hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, safari ingechukua saa sita nzima. Alibaki kuitazama ramani kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Saa tisa ilipopita akaona tanga la kwanza likielekea Kibakwe. Halafu la pili. Halafu mengi kwa mpigo, ya watu wa chama chao, kila mmoja na mbao alizozikuta karibu yake, na mbele yao meli ya Edward, bendera ya maharamia imeteremshwa. Hata wale wageni wawili walikuja. Ghala likapanda kutoka sifuri hadi nusu, kutoka nusu hadi juu kabisa. Anyesi alipiga kaunta kwa kiganja kwa furaha, akacheka peke yake.

Ndipo aliposoma walichokuwa wakiandika; Edward alikuwa amewaeleza kila kitu.

Pole sana Mkuu wetu. Mungu akuponye. Hatukujua, ungetuambia mapema. Yahaya wa Kondoa, ambaye hakuna wiki iliyopita bila kumwita Ignas kichwa maji, aliandika: Nisamehe kwa maneno yote niliyokutolea, ndugu yangu mgonjwa. Mwingine akasema vita vya wiki ijayo wataviendesha wenyewe, Mkuu asijichoshe. Yalikuwa maneno mazuri, tena ya kutoka moyoni, na yaliendelea kuja.

Simu ikaita. Alikuwa Ignas.

"Umewaambia," alisema.

"Ignas, bandari imepona. Angalia ghala."

"Umewaambia, dada."

"Nilikasirika. Edward alinifanyia ubaya, na Debora naye, nilikasirika tu, mdogo wangu..."

Anyesi alisikia pumzi za mdogo wake, na nyuma yake sauti ya mkewe ikiuliza kama anataka uji.

"Wameniambia nipumzike," Ignas alisema, na simu ikakatika.

Kwenye kioo meli ziliendelea kushusha mbao. Saa kumi na moja na robo, katika orodha ya watu waliokuwemo, jina la Mkuu wa Kibakwe likazimika.