Kiwanja Nilichopata kwa Mnazi wa Mwenzangu

(Aliyetuletea barua hii ameomba tusimtaje yeye wala kijiji chake. Majina yaliyomo si ya kweli.)

Mhariri, nifiche vizuri, maana gazeti lako huku likishasomwa hufungiwa sukari dukani, na watu wanalisoma tena. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, nina mke na watoto wawili. Kijiji chetu kiko njia ya kutoka Muheza kwenda Pangani. Tangu nioe nakaa kwa baba mkwe, chumba kimoja tumegawana na mashemeji kwa pazia la kanga. Aliyewahi kukohoa kwa adabu miaka sita ndani ya nyumba ya mkwewe atanielewa. Wengine mtanitukana, lakini subirini kwanza nimalize.

Mwaka jana shule yetu ilihamishiwa barabarani, kwenye jengo la mawe. Kule ilikokuwa zikabaki kuta za udongo, paa la makuti limeshuka, na uwanja mzima wa minazi. Jumbe akasema wapewe wasio na nyumba, wajenge. Ugomvi ukaanza hapohapo, kila mtu anataka, mpaka wazee wakakata shauri kwa mila. Kwetu mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Na sisi tuliosoma pale, kila mmoja alipoanza shule mwalimu alimpandisha mnazi wake. Ikaamuliwa mwenye mnazi uliokua achukue kiwanja pale unaposimama.

Mnazi wangu ulikufa mchanga, mdudu chonga aliula moyo. Ulionusurika karibu yake ulikuwa wa Mhina, tuliyekaa naye dawati moja. Mhina alivuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, akakaa hukohuko. Sasa ni miaka minane, na hakuwa ameandika hata barua moja.

Jumbe alipita mnazi kwa mnazi, watu wakimfuata. Alipofika kwenye ule wa Mhina akauliza, "Huu wa nani?" Wallahi sikuwa nimepanga uongo. Nilikumbuka lile pazia tu, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Wangu." Jumbe akataka shahidi. Jamani, aliyejitokeza ni mama yake Mhina mwenyewe! "Ni wake huyu," akasema. "Kila nikienda kisimani nilimkuta akiumwagilia."

Na ni kweli alinikuta. Mwaka ule tulioipanda Mhina aliumwa homa kiangazi chote, nikaumwagilia kwa niaba yake. Mama wa watu alidhani wa mwanawe ndio ulioliwa na chonga. Alisema alichokiona, nami nikatazama vidole vya miguu yangu.

Nikaanza kujenga. Siku ya kukandika Mama Mhina aliteka maji tangu asubuhi, akawakaripia wanawake wenzake waliokuwa wanazembea. "Ndugu yake Mhina huyu, mnataka alale nje?" Nilikandika udongo mpaka mikono ikachubuka, ili nisipate nafasi ya kuzungumza naye.

Mwezi huu ikaja barua kutoka Pemba. Mama Mhina hajui kusoma, akaniletea mimi. Tukakaa barazani, amevaa kanga mpya kwa furaha. Nikamsomea: salamu, ameoa, wana mtoto wa kike, wamechoka kukaa kwa watu. Kisha nikafika hapa: "Mama, nimesikia shule imehama. Mwambie jumbe anipe pale penye mnazi wangu, nijenge. Ukinijibu kwamba nimepapata, tunarudi." Nikajikohoza, nikaruka maneno hayo yote, nikaenda kwenye salamu za mwisho.

"Hakusema atarudi lini?" akaniuliza.

"Hakusema, mama."

Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mpaka leo anatembea nayo. Nikimwona amesimama na mtu yeyote anayejua kusoma, nasogea karibu kusikia wanaongea nini.

Situlii, ndugu zangu. Nakaa, nasimama, natoka, narudi. Mlango wa nyumba nimeuhamisha mara mbili, fundi ananiuliza kama nimelogwa. Mke wangu hajui lolote, ameshachagua pa kuweka kinu chake. Nikisema ukweli, tunarudi kwenye pazia, nami nitaaibika mbele ya walewale walionikandikia. Nikinyamaza, Mhina atakata tamaa, na mama yake atazeeka akimngoja huku mimi ndiye jirani anayemjulia hali. Nimejaribu kujiambia kwamba mnazi niliumwagilia, kwa hiyo nusu ni wangu. Neno hilo nalisema asubuhi, kufika mchana mimi mwenyewe silikubali.

Juzi Mama Mhina alikuja tena. "Nataka uniandikie jibu," akasema. "Mwambie arudi na mkewe, niuone uso wa mjukuu wangu kabla sijafa. Mwambie asiogope pa kukaa, watafikia kwako mpaka wapate kwao. Au nimesema vibaya, mwanangu?"

Nikamwambia hakusema vibaya, ila mkono umevimba kwa kazi ya udongo, siwezi kushika kalamu. Tungoje mwezi uandame. Akaondoka. Baada ya kitambo akarudi na mafuta aliyoyapasha moto, akaketi chini, akauchukua mkono wangu wa kulia akaukanda taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akinipa pole.

Wasomaji, mkono huo hauumi, na mwezi u karibu kuandama. Nishaurini, nimwandikie nini Mhina?