Sindano za Chuma Zilizobaki Majivuni

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu. Huenda nawe umelazwa na umekata tamaa. Maneno haya ni yako.

Kabla ndui haijaingia Bagamoyo pamoja na misafara ya bara, mimi na dada yangu Tatu tulikuwa tukifuma kofia na soksi za watoto wachanga. Alitufundisha Bibi Rosa, mke wa fundi nguo Mgoa aliyetoka Bara Hindi. Tatu alikaza uzi mno, kwa hiyo alipewa sindano za chuma, ambazo vitanzi vya uzi huteleza juu yake. Mkono wangu ni mlegevu. Mimi nilipewa za mwanzi, zinazoushika uzi.

"Kofia yako hiyo, mdogo wangu," Tatu alinicheka, "itamwingia punda na masikio yake."

Homa ilitushika pamoja. Mgongo uliuma kama unapasuliwa, kisha vipele vikajaa usaha, hadi viganjani na katikati ya vidole. Tulilazwa juu ya majani ya mgomba, maana mkeka ungenata kwenye ngozi. Mganga akamwambia mama, "Wafunge mikono kwa vitambaa, wasijikune." Ndani ya vitambaa vile vidole vyangu vilikauka vikiwa vimejikunja.

Tatu alifia ubavuni mwangu. Nilimsikia akihesabu vitanzi, kisha sikumsikia tena.

Mimi nilipona. Vitu vyetu vyote vilichomwa nyuma ya nyumba, kama ilivyo ada ya ndui. Mwanzi wangu ukateketea. Sindano za chuma za Tatu zikabaki majivuni, nyeusi. Mama alizisugua kwa mchanga, akanipa.

"Ni zako sasa."

Vidole viligoma. Vilipolegea kidogo, pamba iliteleza na vitanzi vikaanguka. Nikakaza uzi ili visianguke. Nilipoitazama kazi yangu, niliona mkono wa Tatu: safu ngumu, zilezile. Tangu hapo nikawa nasikia chuma kikigongana hata sindano zikiwa chini. Nikaacha kufuma, na vidole vikaanza kujikunja upya.

Bibi Rosa alikuja na mafuta ya nazi yenye uvuguvugu. Akavinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja.

"Unafuma kwa mkono wa nani, mwanangu?"

Akashika kidole kingine, akaendelea:

"Marehemu mwache apumzike. Pamba huteleza, na mkono wako hauna nguvu, chuma kitakuangushia vitanzi. Sufu ya kondoo ndiyo yenye kung'ang'ania. Hiyo ifume kwa chuma."

Akaniwekea mapajani sindano mpya za mwanzi, zilizolainishwa kwa majani ya msasa.

Leo nafuma, alhamdulillahi, ingawa kidole cha mwisho hakinyooki. Namshukuru mama, namshukuru Bibi Rosa. Nikiletewa sufu, nazitoa zile za chuma. Sauti ya Tatu hugonga katika mlio wake, nami simfukuzi.

Nawe, ukifunguliwa vitambaa, usingoje mikono ipate nguvu kwanza. Shika mwanzi na uzi wa pamba. Fuma safu moja asubuhi, ifumue, kisha uifume tena.