Kava la Cheni la Godwin

Mchagga wa mlimani akikosa kamba ya mgomba ni kama amekosa mikono. Kwa kamba hiyo atafunga mzigo wa majani ya ng'ombe, atafunga mlango wa zizi, atafunga mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, na jioni atakaa aisifu kana kwamba imesukwa na malaika. Godwin, mwendesha bodaboda wa Marangu, yeye aliitumia kufungia kava la cheni la pikipiki yake. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo nusura limpotezee mama.

Kabla ya pikipiki, Godwin alikuwa mpagazi. Ujana wake aliumalizia mlimani akipandisha mizigo ya wageni, hadi goti moja lilipogoma, na goti likigoma kule juu hakuna wa kulibembeleza. Akanunua pikipiki iliyokwisha kutumika na kujiunga na kijiwe cha Marangu Mtoni. Kazi aliipenda. Alibeba walimu, alibeba mikungu ya ndizi, alishuka tambarare kufuata majani ya ng'ombe wa zizini. Kila kava la cheni lilipopasuka kwenye sikio linaloshika bolti, alilizungushia kamba ya mgomba, safari ikaendelea. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Nani apoteze siku nzima kwa fundi kwa ajili ya kipande cha bati?

Siku moja ya soko alikuwa amembeba mama yake, Magreth, mjane na mzee wa kanisa, mwanamke ambaye hata akienda kuchuma maharage shambani huvaa kanga zilizopigwa pasi. Alikaa upande, kama wanavyokaa akina mama wengi. Mvua ilikuwa imenyesha. Kamba ikalowa, ikasagika, ikakatika. Kava likafunguka, na cheni ikadaka pindo la kanga. Magreth alivutwa chini mbele ya wauza ndizi wote wa Mtoni. Alivunjika mkono, na kanga ikabaki gurudumuni, yeye akabaki na shimizi.

Mkono ulipona. Aibu haikupona. Magreth aliapa kwamba hatapanda tena pikipiki maisha yake yote, na salamu za mwanawe akawa anaziitikia huku ameugeukia ukuta.

Godwin akafanya walivyofanya baba zake. Alimchukua baba yake mdogo, akachuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha migomba, lile jani ambalo Wachagga huombea msamaha na ambalo mtu mwenye utu ni vigumu kulikataa, akaenda kupiga goti mbele ya mama.

"Shikamoo mama. Nimekuja na isale."

"Marahaba." Magreth alilipokea jani kwa mikono miwili. "Wewe nimekusamehe, mwanangu. Ruwa, Mungu wetu, ananiona, sina kinyongo. Lakini hilo lidude lako halikuniletea isale."

Baba mdogo alikohoa ili kuficha kicheko. Godwin hakucheka. Maneno yale yalimchoma kuliko matusi, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Miguu ya mama ilikuwa inavimba, kanisa liko juu ya mlima, na mwishoni mwa mwaka mjukuu wake mpenzi, Evelyn, angepata kipaimara. Godwin alitaka kitu kimoja tu: siku ile mama apande nyuma yake kwa hiari yake, bila kuogopa.

Akaenda Himo kwa Sirili, fundi wa kuchomelea. Sirili alichomelea ufa, kava likapasuka. Akatia bati nene, likapasuka pembeni ya palepale. Godwin aliporudi tena, Sirili alikataa hata kuwasha mashine.

"Kaka, mimi nashona kidonda tu. Anayekukata bado yumo ndani ya nyumba. Katafute."

Godwin alirudi amenuna. Alilifungua kava, akalisugua tope kwa sabuni ya kufulia, akaligeuza juani. Upande wa ndani kulikuwa na mfereji unaong'aa. Cheni ndiyo iliyouchimba! Ilikuwa imelegea, na kila aliposhuka mteremko ilikuwa inalichapa kava kwa ndani. Tope lililoganda lilikuwa linaliongezea uzito. Bolti nazo, kwa kuwa zilikazwa chuma kwa chuma, zilitetemeka hadi zikalegea. Kava likacheza, sikio likachoka, likapasuka. Na yeye, badala ya kumtafuta mkorofi, alikuwa akimfunga kamba majeruhi! Alicheka peke yake pale uani kama mtu aliyemnasa mwizi wa kuku.

"Kumbe ni wewe," aliiambia cheni.

Aliirekebisha cheni vizuri: isilegee ikachapa, isibane sana ikakatika. Safari hii Sirili alikubali kuchomelea. Godwin akakata vipande vya tyubu kuukuu, akaviweka chini ya kila sikio ili chuma kisiume chuma, na juu ya kila nati akaongeza nati nyingine ya kuizuia isifunguke. Kisha akaanza desturi ambayo haikuwapo kijiweni. Kila jioni, kabla hajanawa mikono ale, aliosha tope, akapima ulegevu wa cheni kwa kidole, akalishika kava na kulitikisa, na palipolegea akakaza.

Kijiwe kizima kilipata mchezo. Gidioni, mdomo mrefu kuliko barabara ya Rombo, ndiye aliyembandika jina.

"Bwana Kava! Mtoto ameamkaje leo?"

"Ameamka salama. Wako naona bado amebebwa kwa mbeleko."

Watu waliangalia kava la Gidioni lililoning'inia kwenye kamba ya mgomba, wakacheka hadi wakashika mbavu. Lakini jina likabaki kwa Godwin. Nyumbani, Magreth alikaa kibarazani akichambua maharage, akitazama kila jioni mwanawe anavyohangaika na spana. Akitazamwa, anainamia ungo.

Siku ya kipaimara iliamka na mvua. Kalvati la chini likabomoka, gari alilotumiwa Magreth na ndugu zake likakwama ng'ambo. Evelyn alikwishatangulia kanisani alfajiri na wenzake. Magreth alikuwa kibarazani amevaa gauni lake refu la kitenge, leso mkononi, macho mekundu. Godwin alisimama uani na koti lake la sherehe. Kuomba aliogopa, na kuondoka bila mama hakuweza.

"Liwashe," mama alisema.

"Mama?"

"Nimesema liwashe hilo lidude. Gurudumu lizunguke hapohapo lilipo."

Godwin aliisimamisha kwenye stendi ya katikati, akawasha, akaingiza gia. Magreth alivua kanga ya mabegani, akaitundika kwenye ncha ya fimbo na kuitandaza juu ya kava. Akaipitisha chini. Akaipitisha nyuma, akaisukuma kwenye kila mahali panapofanana na upenyo.

"Ongeza moto."

Pikipiki ilinguruma. Kanga ilitoka nzima, haina hata doa la oili. Mama aliikagua pindo kwa pindo, akaitupia tena mabegani.

"Kofia yangu iko wapi?"

Walipanda. Njia ilikuwa imegeuka mtori wa tope, na Magreth alimkamata mwanawe kiunoni hadi pumzi ikambana. Katikati ya mlima kukasikika *kwa!* upande wa cheni. Godwin alihisi kucha za mama zikipenya koti. Alisimama, akashuka, akachungulia. Jiwe lilirushwa na tairi likagonga kava. Lilikuwa limeacha mkwaruzo, basi. Alilishika, akalitikisa kwa nguvu zote. Halikucheza.

"Ni mchubuko tu, mama."

"Basi unangoja nini? Mtoto anaingia kanisani!"

Walifika kengele inalia. Akina mama wa kwaya walipomwona nani ameketi nyuma ya Godwin, vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Magreth alishuka, akalishika gauni pande zote mbili na kujizungusha polepole kila mtu alione, pindo safi kama lilivyotoka sandukuni. Evelyn alitoka kwenye mstari akamkumbatia bibi yake, mchungaji akajifanya kusoma. Gidioni, aliyekuwa ameleta abiria wake, alisogea pembeni ya Godwin kwa aibu kidogo.

"Bwana Kava, ile tyubu... imebaki?"

"Njoo jioni. Na hiyo kamba kafungie mbuzi."

Furaha ilimjaa Godwin hadi akasahau kuketi wakati wa somo la kwanza.

Baada ya ibada jua lilitoka. Kurudi, mama alikaa kama wanaume, gauni limekusanywa mapajani, kiunoni amemshika kwa mkono mmoja tu, kwani wa pili ulikuwa na kazi ya kuwapungia watu. Alisalimia migombani, alisalimia dukani, akamsalimia hata jirani waliyenuniana tangu Pasaka. Halafu mkono wa kupunga ukashuka. Kwenye mteremko wa mwisho kofia ngumu ikamgonga Godwin mgongoni, ikatulia hapo. Akadhani anakaripiwa, akapunguza mwendo.

"Mama, naenda mbio?"

Aligeuza shingo kidogo. Magreth alikuwa amesinzia, mdomo wazi, shavu limejibana ndani ya kofia, amemwegemea kwa uzito wake wote.

Godwin alitamani apige kelele Marangu nzima isikie. Akajizuia, mama asiamke. Akaushika mkono wa mama uliokuwa umelegea kiunoni mwake, akaubana kifuani kwake, na kwa mkono wake mwingine akaiteremsha pikipiki taratibu hadi nyumbani.