Dawa ya Deni Ipimwe Kwanza

Mwanangu, mtu akibisha mlangoni kwangu ameshika bahasha ya kaki, simpi kiti hadi ajieleze. Wajukuu wananicheka, wanasema Guka hata mhubiri anamshuku. Wacha wacheke. Iko siku moja ninayoikumbuka, nikiwa na miaka ishirini na minne, na hadi leo ikinijia naona haya.

Wakati huo nilikuwa karani wa duka la mbao hapa Eldoret, nimepanga chumba mtaa wa Pioneer. Baba alikuwa ametutoka miaka minane kabla ya hapo. Mama alibaki Turbo kwenye ploti yetu ndogo, na kuku wengi waliotaga vizuri sana. Ajabu ni kwamba mezani hatukuwa tukiona yai. Mama alisema mayai yanamsumbua tumbo, nasi hatukuuliza zaidi.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeenda kumsalimia, nikamkosa, yuko sokoni. Akaja mwanamume mmoja aliyewahi kufanya biashara ya mahindi na baba. Alivaa koti safi na kusema polepole kama mtu aliyekuja kutoa pole. Akaniambia baba alikufa akiwa na deni lake la mbolea na mbegu, korti imeshaamua, na dalali yuko tayari kuiuza ploti. Akatoa kwenye bahasha ya kaki karatasi yenye namba ya kesi na muhuri uliofifia.

"Lakini mimi na babako tulikuwa marafiki," akasema. "Weka tu sahihi hapa, kwamba unakubali deni ya mzee na utalipa pole pole. Dawa ya deni ni kulipa, kijana. Na mama usimwambie, presha yake itapanda."

Hapo ningepaswa kushtuka, mwanangu. Mtu anayekukataza kumwambia mama yako jambo la nyumba yake ana lake. Lakini niliona aibu ya jina la baba, na aibu ni mshauri mbaya. Nikaishika kalamu.

Ndipo Senge akaingia, dada yake baba, aliyeishi ng'ambo ya ua. Hakujua kusoma. Aliitazama ile karatasi, akamtazama mgeni, akauliza, "Wewe, siku ya kunyoa ulikuwa wapi?"

Kwetu sisi, siku chache baada ya mazishi, wafiwa hunyolewa, kisha mzee wa ukoo husimama mbele ya watu na kuuliza nani anamdai marehemu, na nani alidaiwa naye. Mwenye neno hulisema siku hiyo.

"Nilikuwa safari, mama," yule mtu akajibu.

"Safari gani, na ni mimi nilikupakulia kuku? Ukaitisha paja."

Mgeni akakohoa kidogo. "Deni haiozi, mama. Dawa yake ni kulipa."

"Hata hospitali hawakupi dawa kabla wakupime," Senge akasema. Akaichukua ile kalamu vidoleni mwangu, akaichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Jumatatu tunaenda korti tuone hiyo faili. Wewe pia kuja."

Akasema atakuja. Hakuja.

Sisi tulienda. Tukaingia ofisi ya mafaili, tukalipa ada, tukatoa ile namba. Karani mmoja mzee akaleta faili yenyewe. Ilikuwa kesi ya majirani wawili waliogombania ng'ombe aliyeingia kwenye shamba la sukuma wiki. Jina la baba halikuwamo. Akapekua vitabu vya mwaka ule na miaka iliyofuata, hakulipata popote. Kisha akauliza deni lenyewe ni la lini, nami nikamweleza.

"Hata kama ni ya ukweli," akasema, "deni ya mapatano kama hii, sheria inampa mtu miaka sita ashtaki. Hii ililala kitambo. Lakini kijana, ungesaini hapo ungeiamsha, na ingeamka ikiita jina yako."

Senge alicheka njia nzima hadi Turbo. Nami nilifurahi kweli. Nikamweleza mama kila kitu, nikingoja apige vigelegele kwa kuwa ploti yetu imepona. Mama akaketi kwenye kigoda, akashika ncha ya leso yake.

"Hakuna faili?" akauliza.

"Hakuna, mama."

Akageuka kulitazama banda la kuku.

"Basi yale mayai yote?"

Miaka mitatu, mwanangu. Kila siku ya soko mama alipeleka trei za mayai dukani kwa yule mtu, kulipia kesi ambayo haikuwepo. Yule mtu alikuwa amempa mama namba ile ile na muhuri ule ule, akamwambia asituambie sisi watoto, tutavunjika moyo. Tulipomfuata tulikuta duka limefungwa, na hakurudisha hata ganda. Lakini nilijikasirikia mimi zaidi ya nilivyomkasirikia yeye. Miaka hiyo yote nilikuwa nikipita mbele ya korti ile kila mchana nikienda kula maharagwe. Njia ya mwongo ni fupi, ila lazima apatikane mtu wa kuitembea.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Deni la kweli lilipe, usijifiche nyuma ya kalenda. Lakini mtu akija na deni la zamani, usikubali kwa mdomo wala kwa kalamu, na usitoe hata shilingi ya kumtuliza, kwa maana hicho kidogo chaweza kuanzisha hesabu ya miaka upya. Uliza ni la lini. Akikutajia kesi, itisha namba, uende mwenyewe ukaione faili, usome majina yaliyomo. Hukumu ya kweli huishi miaka kumi na miwili, kwa hiyo usiidharau. Na ukiletewa samansi ya kweli, ule wito wa korti, hata ya deni lililopitwa na wakati, nenda ukaseme hivyo mbele ya hakimu. Ukikaa kimya, unaweza kuhukumiwa hivyo hivyo. Zaidi ya yote, ukiambiwa usimwambie mtu wa nyumbani, mwambie siku hiyo hiyo.

Mungu akupe jina safi na macho ya Senge, mwanangu. Na kuku wako wakitaga, mayai yao uyale wewe na mama yako.