Kipande Kutoka Kichwani mwa Makhanu

Edinah ameuza dawa za shamba hapa Rongai kwa miaka kumi na minane. Ukitaka kumpandisha hasira, nyunyizia dawa ya magugu ya mahindi kwenye shamba lililochanganywa na maharagwe, kisha uje kumlaumu maharagwe yakikauka. "Hiyo dawa inachagua, boss," atakuambia mbele ya wateja wote. "Soma karatasi kwanza."

Kwa hiyo Daktari Chepkemei wa Nakuru hakuhitaji kumweleza mara mbili. Mume wa Edinah, Lewis Makhanu, fundi wa trekta, alipasuliwa kichwa miaka miwili iliyopita kutolewa uvimbe, na mabaki ya uvimbe ule yalikuwa yameanza kukua tena polepole. Sasa kulikuwa na vidonge vinavyoziandama seli zenye hitilafu fulani tu na kuziacha zilizo nzima ziendelee na kazi zake. Lakini lazima ipimwe kwanza kama seli za Makhanu zina hitilafu hiyo. Zisipokuwa nayo, vidonge ni kazi bure.

"Tutapima kile kipande kilichotolewa wakati wa upasuaji," daktari alisema. "Maabara hukihifadhi ndani ya nta. Kiko wapi?"

Kiko wapi! Edinah mwenyewe ndiye aliyetia sahihi na kukichukua. Mama mkwe wake, Nekoye, alikuwa ametumwa na wazee wa ukoo kusema kwamba nyama ya mtu haikai kwenye rafu za wageni. Irudi nyumbani izikwe. Edinah alitaka amani. Alimkabidhi bibi huyo kile kibonge cha nta, kidogo kuliko kiberiti, akarudi dukani kuuza mbolea.

"Kilizikwa," alijibu. Daktari hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi. Kumpasua Makhanu upya kwa ajili ya kipande kingine kulikuwa na hatari, kwa sababu uvimbe ulikuwa karibu na sehemu inayoongoza usemi.

Alirudi Rongai akichemka. Aliwakasirikia wazee wa ukoo, akaikasirikia maabara iliyotoa kitu kama kile bila kuuliza, na akajikasirikia mwenyewe kupita wote. Alipofika hakubadilisha hata viatu vya mjini, alichukua jembe moja kwa moja.

"Mama, kile kipande cha Lewis kilizikwa wapi?"

Nekoye, aliyekuwa akichambua mboga, alionyesha nyuma ya jikoni. Edinah akachimba. Akapata mfupa wa kuku, kizibo cha soda, na mawe yasiyoisha. Akapanua shimo. Jasho likamwingia machoni. Makhanu alitoka akaegemea ukuta.

"Edinah, wacha. Uta... uta..." Neno likamkwama, kama yalivyomkwama mengi siku hizi. Edinah aliinua jembe juu zaidi.

"Mama, hapa hakuna kitu! Si useme ni wapi!"

Nekoye aliingia nyumbani kwake, akarudi na mkebe wa majani chai. Ndani, kwenye kitambaa safi, kulikuwa na kile kibonge, namba ya maabara bado inasomeka.

"Nilichimba shimo wazee wakiona, nikafukia matambara," alisema bila kumtazama. "Nitazika mtoto wangu aje na bado anapumua? Halafu nikaogopa mtasema naweka nyama ya mtu kwa nyumba."

"Na umeniacha nichimbe hivi!" Edinah alipiga kelele, jembe likamtoka mkononi. Alikuwa na hasira hata akalia. Kesho kibonge hicho kingekwenda Nakuru, na huenda jibu likawa kwamba hitilafu haimo, na hapo hakutakuwa na mtu wa kulaumiwa.

Makhanu aliuchukua mkebe, akageuza kibonge kwenye mwanga.

"Kumbe ni ka... ka..."

Mke na mama walilijua neno. Hakuna aliyemsaidia. Walisimama kando ya shimo, wakangoja.

"Kadogo," alisema mwishowe.