Siku Niliyokimbia Darasa

Shule zilipofungwa mwezi wa tatu tuliambiwa ni kwa siku thelathini. Nilifunga kabati la darasa la saba, nikaweka ufunguo mfukoni, nikaenda nyumbani nikidhani baada ya Pasaka nitarudi. Nilirudi mwisho wa mwezi wa sita, na kwa kweli sikutaka kurudi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tumati. Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na kisukari nilikuwa nacho kwa miaka sita. Redio iliposema ugonjwa huu mpya uliofunga shule unawashika vibaya wazee na wenye kisukari, mke wangu alikuwa akichambua maharage. Aliinua uso akanitazama, kisha akainamia ungo wake. Tangu siku ile nilianza kujisikiliza. Nikipanda kutoka mtoni na ndoo, nilisimama katikati ya kilima kuhesabu pumzi. Nikiamka na koo kavu, nilijua ugonjwa umefika. Asubuhi na jioni nilijifukiza kwa majani ya mkaratusi, nikiwa nimejifunika blanketi zito la kijivu, hadi mke wangu akasema nitaungua kabla ya kuugua.

Mwezi wa tano alifariki mwalimu mwenzangu. Alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wengine. Tulikuwa tumetumia meza moja katika ofisi ya walimu kwa miaka kumi na moja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta. Alianza na homa, akadhani ni malaria. Siku ya tatu akashindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, akapelekwa hospitali mjini, na baada ya siku nne tukapigiwa simu. Alizikwa kwa haraka, na watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni. Ndugu wachache waliruhusiwa kusogea. Familia haikuambiwa waziwazi alikufa kwa nini, na hakuna aliyeuliza mara mbili.

Nyumba yake ni mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Sikwenda. Nilimwambia mke wangu sukari imepanda, kichwa kinazunguka. Sukari haikuwa imepanda. Mke wangu alijifunga kanga akaenda peke yake, akasimama mbali pamoja na wanawake wengine, na aliporudi nilimwomba avue nguo nje, nyuma ya zizi. Alivua. Hakuniuliza kama kichwa kimepoa.

Basi shule zikafunguliwa. Kwetu mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali. Ukungu unakaa mabondeni hadi saa nne, na watoto wote wana mafua, kila mwaka, hata kabla ya ugonjwa huu. Fikiria mtu mwenye hofu kama mimi kuingia katika chumba chenye watoto arobaini na nane, nusu yao wakivuta makamasi. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka ndoo yenye koki langoni na kipande cha sabuni juu ya jiwe. Mama yule alisimama hapo mwenyewe, amejifunga barakoa ya kitenge, akihakikisha kila mtoto amenawa.

"Mwalimu, karibu," aliniambia. "Darasa la saba watakuwa wako wote sasa. Hesabu zako, na sayansi aliyokuwa akifundisha marehemu."

"Sawa, mama," nilisema. Nilinawa mara mbili.

Katika ofisi sikukaa kwenye meza yetu. Nilivuta kiti hadi mlangoni.

Kuna jambo nililolijua tangu siku shule zilipofunguliwa, nalo ndilo lililoninyima usingizi: binti wa marehemu alikuwa darasa la saba. Mtoto wa miaka kumi na tatu, mrefu, mwenye sauti ndogo, mzuri sana kwenye hesabu. Nilimjua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Siku zote alikuwa akinisalimia kwa kunyoosha mikono miwili. Asubuhi ile alikuja amenyolewa nywele kwa ajili ya msiba, akasimama hatua tatu mbele yangu, mikono ameiweka nyuma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nilisema, na nilishukuru moyoni kwamba hakunyoosha mkono. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Tuliagizwa kuwatenganisha wanafunzi kadiri inavyowezekana. Haikuwezekana, madawati yalikuwa kumi na sita, kila moja watoto watatu. Lakini mimi niliweza kupata dawati moja la mtu mmoja. Nililiweka nyuma kabisa, kwenye dirisha lililovunjika kioo, na nikamwambia yeye akae pale. Wengine niliwaacha watatu watatu. Nilisema ni kwa sababu ya urefu wake. Hakubisha. Alichukua begi lake akaenda, akajikunja ndani ya sweta kwa sababu upepo uliingia pale moja kwa moja. Watoto wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani. Kufikia mapumziko ya kwanza hakuna aliyekuwa akichota maji ndoo moja naye. Kufikia wiki ya pili, njia ya kwenda chooni walimwachia peke yake.

Niliona hayo yote. Nilikuwa mwalimu wa darasa, na ningeweza kuyakomesha kwa neno moja.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya tatu. Nilikuwa nikifundisha sehemu na asilimia, nimevaa barakoa iliyokuwa ikinilowanisha midomo, dirisha na mlango viko wazi. Niligeukia ubao. Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Darasani kikohozi hakikuwa kitu kigeni, lakini hiki hakikuwa kama cha mafua. Kilitoka mbali ndani, kikarudia, kikavuta pumzi kwa sauti ya kukwaruza, kikarudia tena. Niligeuka. Alikuwa yeye, amejiinamia, mkono mdomoni, macho yametoka machozi.

Watoto wa madawati ya karibu waliruka. Mmoja akapiga kelele, "Anayo! Anayo!" Madawati yakaanguka. Na mimi, mwalimu wao, niliyepaswa kusema kaeni chini, nilikwenda mlangoni kabla yao. Nilikimbia. Sikumbuki kuweka chaki chini, sikumbuki ngazi. Nakumbuka tu nimesimama kwenye mlingoti wa bendera, nikihema, chaki imevunjika kiganjani, na watoto arobaini na zaidi wamejaa uwanjani nyuma yangu, wengine wanalia, wengine wanacheka kwa woga. Mwalimu wa darasa la nne alitokea mlangoni kwake, akanitazama, kisha akatazama chini.

Nilijua sasa kwamba nimeonekana. Lakini hata hilo halikunirudisha ndani. Nilikuwa nikiwaza: nilivuta pumzi ngapi mle ndani kabla ya kutoka? Nne? Tano? Nilikuwa nikimwona rafiki yangu akitafuta hewa katikati ya sentensi, ingawa sikuwahi kumwona akiwa hivyo, nilisimuliwa tu.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeingia darasani. Aliingia akitembea polepole kama anayeingia kanisani. Baada ya muda alitoka akiwa na mtoto yule pembeni yake, begi mgongoni.

"Amepaliwa na maji," mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Alikuwa anakunywa maji kwenye chupa yake, akapaliwa. Ni hivyo tu."

Mtoto alisimama akiwa na chupa ya plastiki mkononi, sweta limelowa kifuani. Hakunitazama. Akamwambia mwalimu mkuu kitu kwa sauti ya chini, na mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. Mtoto akapita katikati yetu kwenda langoni. Watoto walimpisha, na mimi nilirudi nyuma hatua moja. Hata baada ya kuambiwa ni maji, mguu wangu ulirudi nyuma wenyewe.

Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akavua barakoa.

"Mtihani uko mbele. Mtoto yule ndiye tegemeo la darasa zima. Nimtume nani kwao?"

Nilijua hanitukani, lakini niliona aibu kama mtoto aliyejikojolea. "Nitakwenda," nilisema.

"Unaweza?"

"Sijui, mama. Nitakwenda."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Njia ile naijua hata nikiwa nimefumba macho, ila siku ile ilikuwa ndefu. Nilipofika kwenye shamba lao la vitunguu saumu nilisimama. Kwa mbali niliona kaburi la rafiki yangu, udongo bado haujaota nyasi, maua ya karatasi yamepauka kwa umande. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Nilijiambia nitasalimia nikiwa uani, nitasema nilichotumwa, nitaondoka.

Mjane wake alikuwa akianika mahindi. Mimi namwita shemeji, naye huniita shemeji. Katika miaka yote ile nilikula kwake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

"Karibu shemeji," alisema, bila kuonyesha mshangao. "Pita ndani, nje kuna baridi."

"Hapa panatosha."

Alinitazama kidogo. Akaenda jikoni, akarudi na kigoda na kikombe cha chai ya maziwa. Aliviweka chini hatua mbili kutoka nilipo, akarudi nyuma, akasimama karibu na ukuta. Ndivyo alivyozoea tayari. Watu walikuwa wamemfundisha kuweka vitu chini na kurudi nyuma.

Nilikaa. Kikombe kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni. Nilikishika, kisha nikashindwa kukiinua.

"Shemeji," nilisema, "siku ya msiba nilisema sukari imepanda."

"Mke wako alituambia."

"Haikupanda. Niliogopa."

Kuku walikuwa wakidonoa mahindi yake naye hakuwafukuza.

"Wote waliogopa," alisema mwishowe. "Hata mimi niliogopa. Alipokuwa akikohoa humo ndani nililala na watoto jikoni. Mume wangu, shemeji. Nilimpelekea uji, nikauacha mlangoni kama ninavyokuwekea chai wewe." Akafuta uso kwa upande wa mkono. "Kwa hiyo usifikiri nitakuhukumu kwa kutokuja. Ila mtoto wangu amekosa nini? Nieleze. Amekuja hapa ananiuliza kama anaua watu."

Nilisema nilimweka kwenye dirisha kwa makusudi, kwamba niliwaona watoto wakimtenga nikanyamaza, kwamba nilikimbia. Nilisema yote kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Halafu nikanywa chai. Sikuinywa kwa ushujaa. Kila funda niliogopa. Lakini nilimaliza, kwa sababu alikuwa akinitazama, na kwa sababu binti yake alikuwa amesimama ndani ya mlango. Nilikuwa nimemwona tangu mwanzo, nikajifanya sijamwona.

"Njoo shule Jumatatu," nilimwambia. "Utakaa mbele."

"Wataondoka, mwalimu," alisema.

"Wakiondoka tutabaki wawili."

Jumatatu alikuja. Nililirudisha lile dawati la nyuma stoo, nikamkalisha dawati la kwanza, hatua moja na nusu kutoka meza yangu, kati ya wasichana wawili ambao mama zao nilikuwa nimewaomba ruhusa Jumapili baada ya ibada. Mmoja alikubali mara moja. Mwingine alikubali kwa uso wa kununa. Kisha nikawaambia wanafunzi kwamba Jumatano mwenzao alipaliwa na maji, na mimi mwalimu wao nilikimbia badala ya kumpiga mgongoni, na kwamba lilikuwa kosa langu, si lake. Hakuna aliyecheka. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, akichora mistari pembeni mwa daftari. Sijui kama alinisamehe. Hakuwahi kusema, nami sikumuuliza.

Mtu angedhani baada ya hapo hofu iliniachia. Haikuniachia. Nilihesabu siku kumi na nne tangu ile chai. Siku ya tano koo liliwasha, nikalala chumba cha stoo, nikamwambia mke wangu asinikaribie. Siku ya tisa nilisikia joto, kumbe ni blanketi. Darasani, kila mtoto aliyepiga chafya alinikaza mgongo, na mara mbili au tatu miguu yangu iligeukia mlangoni yenyewe, nikailazimisha kubaki kwa kushika ukingo wa meza. Alama za kucha zangu ziko kwenye meza ile hadi leo, kama hawajaipiga rangi.

Siku kumi na nne zikapita. Mwezi wa nane jua likaanza kutoka mapema, mafua yakapungua. Barakoa zikaanza kuonekana shingoni, kisha mifukoni, kisha hazikuonekana. Msichana yule alifanya mtihani wake, akafaulu, akaenda sekondari. Mama yake alikuja shuleni kuchukua karatasi zake za kujiunga, akanipa mkono, mkono mtupu, wenye udongo wa shamba. Niliupokea. Nilisubiri hadi amevuka lango na kupotea kwenye kona ya barabara, ndipo nikaenda kunawa.